Vumbi la Khayega: maji yanafika hatua moja baadaye

Nimeombwa na wengi niweke hapa maneno niliyozungumza Khayega, kwenye kikao cha vijana na wamama wa machimbo. Nimeyaacha karibu vile yalivyotoka mdomoni. Masharti ya uzi huu mnayajua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Tunapima hoja, hatupimi sura. Soma pole pole, halafu ubishane nami ukimaliza.

1. Swali la kuanzia



Najua fahali wamepigana asubuhi na kuna watu hapa bado roho iko uwanjani. Nitawaomba dakika chache tu.

Nianze na swali. Inua mkono kama una ndugu, jirani ama rafiki aliyewahi kuchimba au kuponda mawe ya dhahabu, na leo akipanda kilima kidogo tu lazima asimame ashike kiuno apumue. Haya. Mikono hiyo ndiyo mada yangu. Mnaweza kushusha.

Tukizungumza siasa ya dhahabu hapa Kakamega, tunazungumza mambo matatu: ardhi ni ya nani, leseni ni ya nani, na pesa ziende wapi. Mgawo wa mrabaha siku hizi hata mtu wa bodaboda atakutajia bila kusoma popote. Sheria ya Madini ya 2016 inasema asilimia 70 iende serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayoishi pale madini yanatoka. Tunapigana juu ya hiyo 20 na hiyo 10 hadi usiku, na ni haki yetu.

Lakini kuna kitu kingine kinatoka kwenye jiwe na hakimo kwenye mgawo. Vumbi. Hilo mchimbaji anachukua asilimia 100. Hakuna kaunti wala serikali kuu inayodai sehemu yake.

2. Ni vumbi gani hili?

Dhahabu yetu hapa haikai peke yake. Iko ndani ya mishipa ya jiwe jeupe, gumu, linalong'aa ukilivunja. Hilo jiwe ni kwatzi. Ukilichonga, ukiliponda, ukilisaga, linatoa vumbi la silika. Si silika ya tabia ya mtu, hapana. Hii ni silika ya mawe.

Vumbi unaloliona likiruka, lile linalokufanya upige chafya, kubwa lake linakwama puani na kooni. Utalitema, utalipenga. Linaloua ni lile usiloliona. Ni chembe ndogo sana, ndogo kuliko unga wowote unaoujua, na zinashuka hadi mwisho kabisa wa pafu, pale hewa inapokutana na damu. Mwili unajaribu kuzila, unashindwa. Ukishindwa, unatengeneza kovu. Kovu juu ya kovu. Pafu ambalo lilikuwa laini kama sifongo linaanza kuwa gumu.

Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Kwa kawaida unajitokeza baada ya miaka 10 au zaidi ya kuvuta vumbi. Ukivuta vumbi jingi unaweza kuja ndani ya miaka 5 hadi 10. Na ukikaa kwenye vumbi zito kabisa, shimoni bila hewa, unaweza kuja kwa miaka michache tu, hata miezi. Hauna dawa ya kuuponya. Kovu halifutiki. Tena unaweza kuendelea kukuharibu hata baada ya kuacha kazi.

Na kuna saratani. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vumbi la silika kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, mwaka 1997. Kundi hilo hilo ndilo lenye asbesto.

3. Mbona asbesto tunaiogopa na hili hatuliogopi?

Swali zuri, kwa sababu linaonyesha siasa inavyofanya kazi.

Asbesto nyote mnaijua. Yale mapaa ya kijivu yenye mawimbi, ya shule za zamani na nyumba za serikali. Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliiweka asbesto kwenye orodha ya taka hatari Kenya. NEMA ina mwongozo wa namna ya kuitoa: unailowesha maji kwanza, huivunji, huikati kwa msumeno, unaifunga kwa plastiki, inasafirishwa na mtu mwenye leseni na kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Kwa nini yote hayo? Kwa sababu nyuzi zake zikiingia kwenye pafu zinaweza kukaa miaka 20, 30, hata 40, halafu ndiyo saratani itokee.

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo halisemwi kwenye mikutano. Paa la asbesto lililokaa kimya, halijavunjika, si hatari kama paa linalovunjwa. Hatari kubwa iko siku ya kulitoa. Kwa hivyo mheshimiwa akisimama aseme "tutaondoa asbesto shule zote", pigeni makofi, lakini mkimaliza makofi muulize: nani atapanda juu? Akiwa ni kijana wa Khayega amepewa nyundo na mia chache aibomoe kabla ya saa sita, basi hatari haijaondolewa. Imetolewa kichwani mwa mwanafunzi ikawekwa kifuani mwa kijana. Na atabeba vumbi hilo kwa nguo hadi nyumbani, mke alifue, mtoto alalie.

Hata hivyo, kwa asbesto angalau kuna jina, kuna orodha, kuna mwongozo, kuna mtu wa kuulizwa. Watu wanaogopa neno lenyewe. Vumbi la jiwe jeupe halina jina mdomoni mwa watu. Linaitwa tu "vumbi la kazi". Na kitu kisicho na jina hakiingii kwenye manifesto.

4. Hoja ya kwanza mtakayoisikia: "Hiyo ni TB tu"

Mtu anakohoa, anakonda, anatoka jasho usiku. Anaenda zahanati, anaambiwa TB. Anapewa dawa miezi sita. Dawa za TB ni bure kwenye hospitali za umma, na hilo ni jambo jema, tulisifu. Anamaliza dawa, anarudi shimoni. Mwaka unapita, kikohozi kinarudi. TB tena.

Huenda ni TB kweli. Aliye na silikosisi yuko kwenye hatari ya kupata TB karibu mara tatu kuliko mtu mwingine. Kama ana virusi vya UKIMWI pia, hatari hizo hazijumlishwi, zinazidishana. Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ilitufundisha hivyo kwa makaburi.

Lakini huenda pia si TB, ni kovu la vumbi ambalo kwenye picha ya kifua linaweza kufanana na TB. Ama ni yote mawili. Daktari hawezi kujua kama hajaambiwa kazi yako. Kwa hivyo hapa sisemi na mwanasiasa, nasema na wewe: ukienda hospitali, usiseme tu "nakohoa". Sema "nakohoa, na nimeponda mawe miaka minane". Sentensi hiyo moja inabadilisha anachotafuta daktari. Na mwambie aiandike.

Tanzania hawako mbali na hali hii. Wachimbaji wa tanzanaiti kule Mirerani wana tatizo hili hili, na hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kwa TB, imekuwa ikiwachunguza wachimbaji kwa TB na silikosisi kwa pamoja. Hiyo ndiyo maana ya kufikiri: mgonjwa ana kifua kimoja, usimgawanye kwa vitabu viwili.

Swali la kumuuliza mwanasiasa: Afya ni kazi ya kaunti. Je, karibu na machimbo kuna picha ya kifua ambayo mtu anaweza kuifikia bila kuuza kuku watatu?

5. Hoja ya pili: "Wamejiajiri, wajitunze wenyewe"

Hii inasemwa kwa upole, lakini ni hoja kali, na nitaipa heshima yake. Inasema hivi: serikali haikukutuma shimoni. Ulienda mwenyewe, ukipata dhahabu ni yako, ukipata kikohozi pia ni chako.

Tatizo la kwanza ni sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haisemi "kiwandani". Inasema mahali popote ambapo mtu anafanya kazi, iwe ya muda ama ya kudumu. Shimo ni mahali pa kazi. Chini ya mwembe wanapoponda mawe ni mahali pa kazi.

Tatizo la pili ni ukweli wenyewe. Hebu tuangalie, nani amejiajiri? Kuna mwenye shamba, anachukua sehemu yake. Kuna mwenye pesa aliyeleta pampu, kamba na chakula, anachukua sehemu yake. Kuna mwenye mashine ya kusaga. Kuna mnunuzi. Halafu kuna kijana aliye chini na mama anayelipwa kwa mkebe wa mawe aliyoponda. Huyo mama amejiajiri? Bei ya mkebe haipangi yeye. Wakati wa kugawana faida tunaambiwa hii ni biashara ya watu wengi. Wakati wa kikohozi tunaambiwa kila mtu na kifua chake.

Na hapa ndipo fidia inapotea. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ile mnayoiita WIBA, inatambua magonjwa ya kazi, si kuvunjika mguu tu. Mtu akiharibika kabisa asiweze kufanya kazi tena, hesabu inafanywa kwa mshahara wa miezi 96. Miezi 96 ni miaka minane! Lakini ili uhesabiwe unahitaji mwajiri, na unahitaji mshahara ulioandikwa. Mama wa mkebe hana vyote viwili.

6. Hoja ya tatu: "Mkileta sheria mtaua riziki"

Hoja hii husemwa na watu wanaopenda wachimbaji kweli, na nawaelewa. Kila mara "usalama" umetajwa, kilichofuata ni polisi na mashimo kufungwa. Mtu akisikia neno usalama anafikiria kukimbia.

Kwa hivyo niseme wazi: sitaki mashimo yafungwe kwa sababu ya vumbi. Nataka maji.

Hebu mnisikilize vizuri hapa, hasa mama zangu. Mnafanyaje kazi? Jiwe linatoka shimoni. Linapondwa likiwa kavu. Wengine wanalianika kwanza likauke zaidi. Linasagwa kavu, linachungwa kavu, vumbi linapaa mpaka nyusi zinakuwa nyeupe. Halafu unga ule mnaupeleka wapi? Mnaupeleka kwenye maji, mkauoshe mpate dhahabu.

Maji mnayo! Yanafika tu hatua moja baadaye. Yanafika wakati vumbi limeshaingia.

Na hii ni Kakamega. Hatuko Turkana. Hapa mvua ikikosa kunyesha alasiri mbili mfululizo watu wanaanza kuulizana kuna nini. Mtu kufa kwa vumbi kavu Kakamega ni kama mtu kufa kwa kiu akiwa ameketi kando ya mto.

Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mawe mabichi yanashika kwenye kinu, kazi inakwenda pole." Ni kweli. Sitamdanganya. Huhitaji kuyazamisha, kunyunyizia tu kabla ya kuponda na kila baada ya muda kunapunguza vumbi sana. Mahali pa kuponda pawe wazi, upepo ukupige kutoka mgongoni upeleke vumbi mbele. Mashine ya kusaga ifunikwe, na isiwe mlangoni kwa mtu. Mtoto mgongoni asiwe pale. Nguo za kazi zisiingie nyumbani. Na shimoni, mahali pa kuchonga palowe kabla ya nyundo kuanza.

Lakini kweli kazi itapungua kasi kidogo. Mikebe kumi inakuwa labda minane. Basi hiyo ndiyo siasa yenyewe: nani alipe hiyo mikebe miwili? Kwa sasa mama anailipa kwa pafu. Bei ya mkebe mbichi ikiwa sawa na ya mkebe mkavu, hata umhubirie namna gani, ataponda kavu. Ana watoto. Kwa hivyo mtu akisema "tuelimishe wamama", mjibu: wamama wanajua. Pandisha bei ya mkebe.

7. Hoja ya nne: "Tutawapa barakoa"

Hii mtaisikia sana tukielekea 2027. Gari litakuja, kutakuwa na katoni, kutakuwa na picha. Jina litakuwa limeandikwa kwenye barakoa.

Barakoa si mbaya. Lakini zile za kitambaa, na leso ya kufunga mdomo, hazizuii zile chembe ndogo nilizosema. Zinazuia vumbi kubwa, lile ambalo pua yako ingelizuia hata hivyo. Zinakupa moyo tu, na moyo wa uongo ni hatari, kwa sababu unakaa kwenye vumbi zaidi. Ile barakoa nzuri inayoshika uso vizuri inafanya kazi, lakini inajaa, inalowa jasho, lazima ibadilishwe mara kwa mara. Ukipewa moja Januari hutakuwa nayo Machi. Na hebu jaribu kuchonga mwamba shimoni, joto lile, ukiwa nayo saa sita.

Watu wa usalama kazini wana mpangilio: kwanza zuia vumbi lisitoke, likitoka, liondoe hewani, barakoa inakuja mwisho kabisa. Siasa yetu inaanza na mwisho kwa sababu mwisho ndio unapigika picha. Ndoo ya maji haina pa kuandika jina.

8. Hoja ya tano: mwekezaji ni mkombozi, ama mwekezaji ni adui

Hapa Khayega hatuhitaji kufafanuliwa methali kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Hizo nyasi tumezikanyaga leo asubuhi. Kwa suala la mwekezaji, fahali mmoja anasema kampuni kubwa ikija shida ya vumbi imekwisha, kwa sababu ina mitambo na wataalamu. Mwingine anasema kampuni ikija ndiyo mwisho wetu.

Mimi nitasema jambo moja tu la historia. Dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka 1931, kulikuwa na sheria mpya kabisa, ya 1930, iliyoahidi kwamba ardhi ya wenyeji itakuwa yao milele. Milele hiyo ilidumu miaka miwili. Desemba 1932 sheria ikabadilishwa ili dhahabu ichimbwe. Mgodi wa Rosterman ukafanya kazi hadi 1952, ukafungwa. Na mchimbaji mdogo, mjukuu wa wale walioondolewa, akasubiri hadi Sheria ya Madini ya 2016 ndipo akatambuliwa kuwa anaweza kupewa kibali cha uchimbaji mdogo. Hesabu wewe mwenyewe. Kwa ajili ya dhahabu sheria ilikwenda mbio miaka miwili. Kwa ajili ya mtu ilichukua miaka 85.

Na mitambo peke yake haiokoi mtu. Miaka ile ile ya 1930 na 1931, kule West Virginia, Marekani, kampuni kubwa ilichimba handaki la maji lililoitwa Hawks Nest kupitia mwamba wenye silika. Walikuwa na mashine za kisasa za kutoboa. Walitoboa bila maji, kwa sababu kutoboa kukavu kulikuwa haraka zaidi. Wafanyakazi wengi walikuwa Weusi waliohamia kutafuta kibarua. Baadhi ya wanaokadiria vifo wanasema vilipita 700. Mashine ilitengeneza vumbi haraka kuliko nyundo, ni hivyo tu.

Kwa hivyo usiniulize kama nampenda mwekezaji ama simpendi. Niulize: anatoboa kwa maji ama kavu? Vibarua wake wameandikwa kwa jina lake, ama kwa jina la wakala atakayepotea mwakani? Maswali hayo hayo mwulize mwenye shimo wa kijijini.

9. Karatasi ndiyo silaha

Nimeacha hili mwisho kwa sababu ndilo kubwa.

Afrika Kusini wachimbaji wa dhahabu walikufa kwa vumbi hili zaidi ya miaka mia. Hatimaye walikwenda mahakamani kwa pamoja. Julai 2019 mahakama kuu ya Johannesburg iliidhinisha makubaliano na kampuni sita za migodi, randi bilioni 5, kupitia mfuko uitwao Tshiamiso. Mfuko huo unawahusu waliofanya kazi kwenye migodi ya kampuni hizo kuanzia Machi 1965 hadi Desemba 2019, pamoja na familia za waliokufa. Wako wajane wa Lesotho na Msumbiji wanaodai haki ya waume waliozikwa zamani.

Ni nini kiliwezesha hilo? Mawakili, ndiyo. Ujasiri, ndiyo. Lakini chini ya yote kulikuwa na daftari. Mtu aliweza kuonyesha: mume wangu alifanya kazi mgodi huu, miaka hii.

Sasa tugeuke tujiangalie. Leo kijana wa hapa akiugua mwaka 2040, ataonyesha nini? Shimo litakuwa limefukiwa, limepandwa mahindi. Mwenye pampu atakuwa amehamia Migori. Hakutakuwa na karatasi hata moja duniani inayosema kijana huyu aliwahi kuvuta vumbi.

Hapo ndipo ugumu wa ugonjwa huu uko. Kipindi cha mwanasiasa ni miaka mitano. Ugonjwa huu unachukua kumi, kumi na tano. Kila kiongozi anajua, hata kama hajui kwamba anajua, kwamba kikohozi cha vumbi la leo kitakuwa mzigo wa kiongozi mwingine. Kwa hivyo ukimngoja akuahidi fidia, atakuahidi bila wasiwasi. Si yeye atakayelipa.

Usimuulize kuhusu kesho. Muulize kuhusu leo.

10. Maswali matano ya kubeba kwenye mkutano

Yaandikeni, ama mpige picha ya uzi huu. Muulizeni kila anayeomba kura, wa juu na wa chini, wa upande wenu na wa upande ule mwingine:

Moja. Kamati ya uchimbaji mdogo ya kaunti, ile iliyowekwa na Sheria ya 2016 na yenye wawakilishi wa wachimbaji wenyewe, itafanya maji mahali pa kuponda na kusaga kuwa sharti la kibali? Na nani atasaidia kuyafikisha?

Mbili. Je, kutakuwa na daftari la kila mchimbaji na kila mama wa mkebe, jina na mwaka, likiwekwa nakala mahali pawili?

Tatu. Picha ya kifua na kipimo cha TB kwa watu wa machimbo vitapatikana wapi, mara ngapi kwa mwaka, na kwa pesa za nani?

Nne. Ofisa wa usalama kazini wa serikali kuu na ofisa wa afya wa kaunti watakuja machimboni pamoja lini? Maana tumezoea: ukienda kwa huyu anasema madini ni ya Nairobi, ukienda kwa yule anasema afya ni ya kaunti. Mpira unapigwa huku na huku, na mgonjwa ndiye uwanja.

Tano. Kila paa la asbesto litakalotolewa kwenye shule za hapa, nani atalitoa, kwa leseni gani, na litazikwa wapi?

Akijibu kwa wimbo, umejua. Akijibu kwa tarehe na jina la ofisi, hata kama si wa chama chako, msikilize tena.

11. Kufunga

Mwaka 1995 shirika la kazi duniani, ILO, na lile la afya, WHO, walianzisha mpango wa kumaliza silikosisi duniani ifikapo 2030. Imebaki miaka ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Sitawaambia Khayega itafika. Lakini daftari halingojei 2030. Kitabu cha kurasa mia moja mtu anakinunua dukani hapo, leo, kabla ya jua kuzama. Andikeni majina. Andikeni nani alianza mwaka gani, shimo gani, kazi gani. Kila anayekohoa muandike. Kila aliyekufa kwa kikohozi muandike pia, kama familia yake imekubali.

Na kesho asubuhi, kabla ya nyundo ya kwanza, mwagieni jiwe maji. Hayo maji mtayatumia hata hivyo. Yaleteni tu hatua moja mbele.



(Mwisho wa hotuba. Uliyeponda, uliyechimba ama uliyebomoa paa: andika hapo chini ulianza mwaka gani na ulifanya kazi gani. Usitaje jina la mtu. Usiniambie chama chako.)